Mwambie Wewe, Kabla Simu Haijamwambia

Siku hizi msiba hufika simuni kabla marehemu hajatolewa wodini. Muuguzi hajamaliza kumfunika shuka, na tayari kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mtu ameandika "Inna lillahi" au "Pumzika kwa amani", na chini yake nyuso zinazolia zinapandana. Mwingine ameshaweka picha ya marehemu kwenye stetasi yake, ile waliyopiga pamoja harusini, na maneno ya kuvunja moyo. Wakati huohuo, nyumbani, mtoto wa marehemu ameshika simu ya shangazi yake anacheza mchezo wa magari. Ujumbe unashuka juu ya kioo, mstari mmoja tu. Mtoto wa darasa la nne anajua kusoma.

Hivyo ndivyo watoto wengi wanavyofiwa katika miaka hii yetu. Hakuna aliyekusudia. Kila aliyeandika aliandika kwa uchungu wa kweli, na pengine kwa hofu ya kuonekana hajali. Lakini mtoto amepokea habari nzito kuliko zote za maisha yake akiwa peke yake, amesimama ukumbini, bila mkono wa mtu begani. Nasaha yangu ni moja, na mengine yote nitakayosema yanatoka humo: mtoto ana haki ya kuambiwa kifo cha mzazi wake na mtu anayempenda, kwa maneno anayoyaelewa, kabla simu haijamwambia.

Zamani tulikuwa na muda. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, habari zilifika majumbani kwa redio na kwa midomo ya watu. Watu wazima waliweza kuzima redio, wakatoka uani, wakashauriana nani aseme na saa ngapi. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, picha zilizunguka simuni wakati waokoaji wangali majini. Ni miaka 22 tu imepita kati ya msiba ule na huu, na katika miaka hiyo zile saa chache za kushauriana zimetutoka mikononi.

Hata hivyo sitausifu sana muda ule, maana wengi wetu tuliutumia vibaya. Nani asiyejua kisa cha mwanafunzi wa bweni anayeitwa ofisini na kuambiwa, "Unahitajika nyumbani, mama anaumwa kidogo"? Anapanda basi na mjomba asiyemtazama usoni. Saa nane za safari mtoto anapanga maneno ya kumwambia mama hospitalini, anamwekea chungwa alilonunua njiani. Wanashuka, wanakata kona, na anaona turubai na viti vya kukodi. Wapo walioambiwa baba amesafiri, wakaendelea kumsubiri mpaka arobaini ikapita. Tulisema tunamlinda mtoto. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunajilinda sisi na machozi yake, kwa sababu hatukujua tungeyafanyia nini. Simu imetunyang'anya maficho hayo, na katika hili moja sioni hasara.

Sasa, utamwambiaje? Kwanza aseme mtu mmoja, yule ambaye mtoto humkimbilia akijikwaa. Si lazima awe mkubwa wa ukoo, wala shehe, wala mchungaji. Akae chini, macho yake yawe usawa wa macho ya mtoto, simu zote ziwe chumba kingine. Kisha aseme bila kuzunguka: "Mwanangu, nina habari ngumu sana. Unajua mama alikuwa anaumwa. Madaktari walimpa dawa, walijitahidi, lakini mwili wake haukuweza tena. Mama amekufa leo asubuhi. Hatarudi nyumbani. Mimi nipo hapa na wewe." Halafu anyamaze. Watu wengi hushindwa hapo penye kunyamaza, wakaanza kuhubiri.

Najua neno "amekufa" ni kali midomoni mwetu. Tumelelewa kusema ametutoka, ametangulia, Mungu amempenda zaidi. Kati ya watu wazima hiyo ni adabu, na ibaki. Kwa mtoto wa miaka mitano maneno hayo yana madhara. Ukimwambia baba amelala, usiku ule ataogopa kufumba macho. Ukimwambia amesafiri, ataudhika kwamba hakuagwa, na atakaa mlangoni kila jioni. Na ukimwambia Mungu amempenda zaidi, usishangae akikataa kusali, au akianza kuwa mtundu ili Mungu asimpende naye.

Mwaka 1948 mtafiti Maria Nagy alichapisha aliyoyakusanya kutoka kwa watoto wa Hungaria, kwa mazungumzo, insha na michoro yao. Aliona kwamba walio chini ya miaka mitano walikichukua kifo kama safari au usingizi, jambo lenye kurudi. Wa kati ya mitano na tisa wengi walikifikiria kama mtu fulani anayekuja kuchukua watu, na kwa hiyo waliamini mjanja angeweza kumkwepa. Kuanzia tisa hivi ndipo walipoelewa kwamba kila mwenye uhai atakufa. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa mipaka hiyo ya umri haiko thabiti hivyo, na mtoto aliyewahi kuona kuku akichinjwa au kuhudhuria maziko huelewa mapema zaidi. Lakini jambo la msingi limebaki. Mdogo atakuuliza "Atarudi lini?" mara ishirini, na hakuulizi kwa ukaidi. Mjibu mara ishirini, kwa sauti ileile: mwili wa mama umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii baridi, hasikii njaa, hana maumivu, hawezi kurudi.

Nyuma ya maswali yote hayo yapo mengine ambayo mtoto hatayatamka. Je, ni mimi niliyesababisha? Watoto wana kumbukumbu ya kutisha ya siku waliyokasirika wakasema "Simtaki baba." Je, na mimi nitakufa, au wewe utakufa? Na nani atanilea? Usingoje aulize. Mwambie kwamba hakuna alichosema wala alichofanya wala alichowaza kilichomuua mama. Mwambie nani atampikia kesho, nani atampeleka shule Jumatatu, atalala kitanda gani. Kwa mtu mzima hayo ni mambo madogo. Kwa mtoto, hayo ndiyo anayotaka kuyajua kwanza.

Akishaambiwa, huenda atalia. Huenda pia atauliza kama anaweza kwenda kucheza mpira, na hapo ndipo bibi mmoja mkekani atasema, "Mtoto huyu hana uchungu na mamaye." Anao. Huzuni ya mtoto huja kama mvua za vuli: hunyesha, hukatika, jua likawaka, kisha hunyesha tena. Mwache acheze. Usiku atakuja mwenyewe, au atakojoa kitandani ilhali aliacha tangu zamani, au atadai kubebwa mgongoni na umri umempita. Hayo ni ya kawaida kwa wiki na miezi ya mwanzo, wala hayatibiwi kwa fimbo.

Na mtoto wa kiume je? Huyu tunamwonea. Ana miaka kumi, jeneza halijatoka uani, na wanaume watatu wamekwisha mshika bega: "Jikaze, wewe ndiye baba wa nyumba sasa." Mtoto hawezi kuwa baba wa nyumba. Anaweza tu kujifunza kuficha. Kama ni dini tunayoitafutia ushahidi, Mtume Muhammad alizaliwa baba yake ameshafariki, akampoteza mama yake Amina akiwa na miaka sita na babu yake akiwa na minane, na baadaye, mtu mzima mwenye umma mzima nyuma yake, alimlilia mwanawe Ibrahim mbele za watu. Injili ya Yohana nayo inaeleza jinsi Yesu alivyotokwa na machozi kwenye msiba wa rafiki yake Lazaro. Sijui tulipata wapi ruhusa ya kumkataza mtoto wa darasa la tano kilio ambacho hao hawakukikataa.

Nina pendekezo, nalo ni rahisi, kwa sababu matanga yetu tayari yana mpangilio. Yupo wa kwenda kununua sanda, wapo wa kuchimba kaburi, wapo wa jikoni, yupo wa kuandika michango. Tuongeze kazi moja: mtu wa watoto. Awe mama mdogo, au binamu mkubwa mwenye utulivu. Kazi yake ya kwanza ni kuuliza, kabla tangazo halijatoka, "Watoto wameshaambiwa?" Yeye ndiye aandike kwenye kundi: "Watoto bado hawajui. Tafadhali msiweke picha wala stetasi mpaka tuseme." Nimeona watu wakiheshimu ombi la namna hiyo, na wala halihitaji cheo. Kazi yake ya pili ni kujua watoto wako wapi kila saa ya siku za matanga, wamekula nini, nani anawasemesha, na simu waliyoshika ni ya nani. Ya tatu ni kuwaandaa: kuwaeleza watakachokiona, kwamba watu wazima watalia kwa sauti, kwamba uso wa baba utakuwa wa baridi ukiguswa, kwamba kaburi litafukiwa na udongo na baba hatasikia. Kisha awaulize kama wanataka kuaga au hawataki, na jibu lolote liheshimiwe. Mila zinatofautiana, kuna kwingine ambako watoto hawaendi makaburini kabisa. Basi atakayerudi kutoka makaburini akae nao awasimulie.

Kazi ya nne ni ngumu zaidi: kuzuia kamera. Hapa nitasema kwa ukali. Mtoto anayelia juu ya jeneza la mama yake si wa kupigwa video. Tumeyazoea mambo haya. Akifariki mtu maarufu, wenye chaneli za mtandaoni husukumana, na kamera humtafuta mtoto katikati ya umati, ikasogezwa mpaka machozi yajae kioo chote, kisha video ikapewa kichwa cha habari cha kuvuta watazamaji. Lakini hata kwenye misiba yetu ya kawaida, isiyo na mtu maarufu, binamu na majirani hufanya vilevile kwa simu zao. Mtoto huyu atakuwa na miaka kumi na mitano siku moja. Atalitafuta jina la mama yake mtandaoni, kama vijana wote wanavyofanya, na atajikuta mwenyewe, amepiga magoti, na chini yake maoni ya watu asiowajua. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini nisingependa tufike huko. Staha itutoshe. Ukiona mtu ameinua simu kuelekea kwa mtoto, simama katikati.

Kurusha maziko mubashara ni jambo jingine, nami silipingi. Ndugu walio Muscat, London au Toronto ambao tiketi imewashinda, au ambao maziko ya Kiislamu hayakuwangoja, wana haki ya kushuhudia. Ila yupo mtoto huko pia. Bibi aliyemlea mpaka akaanza shule anazikwa Tanga, na mjukuu anaangalia kwenye kioo sebuleni Muscat, picha inaganda, inarudi, inaganda tena udongo ukiwa hewani. Asiangalie peke yake. Mzazi akae naye, amweleze kila kinachoendelea, na baada ya hapo nyumba hiyo ya ughaibuni ifanye jambo lake dogo: kisomo, sala, au sufuria ya chakula alichokipenda bibi. Mtoto aliyeona maziko simuni tu hubaki na shaka kama kweli yametokea.

Tuje kwenye simu ya marehemu, maana hapa ndipo makosa hufanyika kwa haraka na hayarudishiki. Siku ya nne au ya tano, vitu vya marehemu vinagawanywa. Shati kwa huyu, saa kwa yule, na simu kwa mdogo wake ambaye yake ilipasuka kioo. Jioni ileile inafutwa kila kitu ili ianze upya. Ndani yake zilikuwamo picha za miaka sita na ujumbe wa sauti mia kadhaa: mama akimwambia mwanawe anunue nyanya, mama akicheka, mama akimwita kwa jina la utani ambalo hakuna mwingine anayelitumia. Nguo hupoteza harufu baada ya miezi michache. Sauti iliyorekodiwa ingebaki. Nawasihi: simu ya marehemu mwenye watoto isifutwe wala kupewa mtu mpaka kijana mmoja anayejua mambo haya amehamisha picha na sauti zote kwenye kompyuta au flashi, nakala mbili, moja ikae kwa mlezi. Ifanyike mapema, kwa sababu WhatsApp hufuta akaunti isiyotumika kwa takriban siku 120, na kampuni za simu huigawa upya laini iliyolala muda mrefu. Fedha zilizomo kwenye laini ni za mirathi, zina msimamizi wake na utaratibu wake; watu wasiharakie simu kwa ajili ya hizo.

Na usishangae ukigundua kwamba mtoto anaitumia ujumbe namba ile. Wapo wanaoandika kila usiku: "Mama nimepata 38 kati ya 50." Hawajarukwa na akili. Vitabu vya zamani vya elimu ya nafsi vilisisitiza kwamba mfiwa aachane na marehemu ili apone, lakini mwaka 1996 Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman walitoa kitabu kilichoonyesha kinyume chake: wafiwa wengi, watoto wakiwemo, hupona huku wakiendelea na uhusiano wa aina fulani na aliyekufa. Wazee wetu wanaozuru makaburi na kusoma hitima hawakuhitaji kufundishwa hilo. Hatari iliyopo ni ya kiufundi. Siku moja laini itakuwa ya mtu mwingine, na jibu litakuja: "Wewe nani?" Mwandae. Mwambie mapema kwamba namba inaweza kupewa mtu, au weka vocha kidogo kila baada ya muda ili isife, na mpe daftari la kuandikia barua hizo, lake mwenyewe, lisilosomwa na mtu.

Mitandao ina ukatili mwingine usio na mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2014, Mmarekani Eric Meyer, mtaalamu wa kutengeneza tovuti, alifungua Facebook na kukuta imemtengenezea muhtasari wa mwaka wake. Katikati ya michoro ya watu wanaocheza na mapambo ya sherehe iliwekwa picha ya binti yake Rebecca, aliyefariki mwezi Juni mwaka huohuo siku anatimiza miaka sita. Aliandika juu yake kwa upole mkubwa, akieleza kwamba hakuna mtu aliyemtendea hayo, ni hesabu za mashine tu, na kampuni ikamwomba radhi. Yeye alikuwa mtu mzima na mjuzi wa fani hiyo. Mtoto wa miaka kumi na miwili anayeletewa asubuhi moja, bila kutarajia, "kumbukumbu" ya baba yake akimbeba ufukweni, ana nani wa kumweleza? Ukurasa wa Facebook wa marehemu unaweza kuombwa ugeuzwe kuwa wa kumbukumbu, na kwenye simu za watoto vikumbusho hivyo huzimika kwenye mipangilio. Ifanye kazi hiyo pamoja naye. Pengine atakuambia anataka viendelee.

Hata hivyo picha elfu moja simuni hazimwambii mtoto alitoka wapi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchini Uganda, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipokuwa bado hazijawafikia walio wengi, wanawake wa chama cha NACWOLA waliokuwa wanaishi na virusi walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Hawakuwa matajiri, wengine walikuwa wanaandika kwa shida. Waliandika ulizaliwa wapi, nani alikupa jina, ulipenda kula nini ulipoanza kutambaa, babu zako ni akina nani, baba yako alikuwa mtu wa namna gani. Mwandishi Henning Mankell wa Sweden alivutiwa navyo kiasi cha kuviandikia kitabu. Ng'ambo ya mpaka, Nshamba wilayani Muleba, mkoani Kagera ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mwaka 1983, mradi wa Humuliza ulijikita kwenye mioyo ya yatima na si matumbo yao peke yake, na kutoka humo ukazaliwa umoja wa vijana waliofiwa, Vijana Simama Imara, wakishikana mikono wao kwa wao. Kazi kubwa ya kuwafariji watoto imekwisha kufanywa hapa hapa kwetu, kwa kalamu na daftari, kabla ya simu janja. Tukiunganisha daftari lile na simu hizi tutapata kitu bora. Mkalishe bibi, mpe mtoto simu arekodi, na bibi asimulie kila picha: huyu ni nani, hapa ni wapi, mama yako alikuwa anacheka nini.

Sasa kumeingia jambo jipya kabisa. Zipo kampuni zinazochukua ujumbe na sauti za marehemu na kuzipa akili mnemba, ili mashine ijibu kana kwamba ni yeye. Mwaka 2020 televisheni ya MBC ya Korea Kusini ilimwonyesha mama akiwa amevaa miwani ya kielektroniki, akinyoosha mikono kumshika binti yake aliyefariki, aliyetengenezwa kwa kompyuta. Mwaka 2024 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Tomasz Hollanek na Katarzyna Nowaczyk-Basińska, walionya juu ya biashara hii, wakatoa mfano wa kubuni wa mama mgonjwa anayemwachia mwanawe wa miaka minane mashine ya kuzungumza naye. Ushauri wao ni kwamba watoto wasiruhusiwe kuzitumia. Nami nasema hapana, bila kusitasita. Mtoto anayejitahidi kuelewa kwamba mama hatarudi atachanganywa na mama anayejibu usiku wa manane. Na kuna dhuluma kwa marehemu mwenyewe: mashine itamtamkia mwanawe ushauri ambao hakuutoa, ahadi ambazo hakuziweka. Mzazi anayejua siku zake zinahesabika, arekodi sauti yake mwenyewe, aseme la kumwambia mwanawe siku ya kumaliza darasa la saba, siku ya ndoa. Hiyo ni amana. Maneno ni yake.

Kwa kijana wa sekondari nina wasiwasi wa aina nyingine. Yeye hulia na simu yake chini ya shuka. Akitazama video moja ya kuhuzunisha, programu itamletea nyingine, na nyingine, mpaka saa tisa usiku. Wengine hupata humo wenzao waliofiwa na hufarijika kweli, kwa hiyo usikimbilie kumnyang'anya. Kaa naye, mwulize anachotazama, mwulize kinamsaidia au kinamzamisha. Ukisikia anasema anatamani kumfuata marehemu, au ameacha kula, haendi shule, amejitenga na kila mtu kwa wiki nyingi, usingoje. Nenda kituo cha afya, mwone afisa ustawi wa jamii wa wilaya, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto inayopatikana Tanzania, Kenya na Uganda. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Jambo ambalo huniumiza kuliko yote hutokea kwenye kikao cha ukoo. Turubai limeshushwa, wazee wamekaa, na watoto watatu waliokuwa wakilala kitanda kimoja wanagawanywa: mmoja kwa shangazi Mwanza, mmoja kwa baba mkubwa Morogoro, mdogo abaki kwa bibi. Najua sababu. Hakuna mwenye uwezo wa kuchukua watatu. Lakini watoto hawa wamempoteza mama Jumatano, na wiki mbili baadaye wanapotezana wao kwa wao, tena bila kuulizwa. Kama kuna njia yoyote ya kuwaweka pamoja, hata kwa ndugu wengine kuchangia chakula kila mwezi, itafutwe kwanza. Ikishindikana, simu hapa ina thamani kubwa: siku na saa maalumu kila wiki, kwa video, waonane nyuso, na gharama ya bando iwe juu ya watu wazima. Mlezi asiikate simu hiyo kama adhabu. Adhabu nyingine zipo.

Shuleni nako mwalimu aambiwe mapema, na mtoto aulizwe kama anataka wenzake watangaziwe mstarini. Alama zitashuka. Atakuwa anatazama dirishani. Mwalimu anayemchapa mtoto huyo kwa kutosikiliza anamwadhibu kwa kufiwa.

Watu husema muda utaponya, wakahesabu miezi. Utafiti mkubwa uliofanywa Boston na William Worden na Phyllis Silverman wa Harvard uliwafuatilia watoto 125 waliofiwa na mzazi kwa miaka miwili, na moja ya mambo uliyoonyesha ni kwamba baadhi yao walionekana wazima mwaka wa kwanza, matatizo yakaja kujitokeza mwaka wa pili. Mwaka wa pili ndio hasa sisi tumekwisha ondoka. Kundi la WhatsApp la msiba lilifungwa siku ile mweka hazina alipotoa taarifa: michango imepatikana kiasi hiki, jeneza kiasi hiki, usafiri kiasi hiki, baki imekabidhiwa kwa familia, tunawashukuru sana. Mmoja mmoja wakajitoa. Anayeandika taarifa ile ya mwisho aongeze mstari: watoto ni akina nani, kila mmoja yuko kwa nani, nani ameahidi kumpigia na siku gani, na nani atauliza ada Januari. Kundi libaki wazi mpaka Januari ya pili.